Vishikio vya foki vya nyuzi 5: dawa ya chopa iliyolala, sumu kwa fremu ya kiwandani

Kifaa ninachokitathmini hapa ni seti ya vishikio vya foki ya pikipiki, yaani sahani mbili nene za aluminiamu, ya juu na ya chini, zinazoshika mirija ya foki ya mbele (mikono miwili inayobeba gurudumu) na kuzunguka kwenye shingo ya fremu (bomba la mbele linaloshika usukani) kwa mhimili wa chuma. Seti hii imetengenezwa kwa mirija ya kipenyo cha milimita 41, na kinachoitofautisha na vishikio vya kawaida ni kwamba matundu ya mirija hayakutobolewa sambamba na mhimili wa usukani, bali yameinamishwa nyuzi 5 (digrii 5), hivyo foki hutangulia mbele zaidi ya shingo yenyewe. Sitaji jina la mtengenezaji, kwa kuwa seti za namna hii, ziwe za nyuzi 3, 5 au 7, hufuata kanuni ileile, na mengi nitakayoyaeleza yanahusu jiometri kuliko chapa. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa chopa, yaani pikipiki iliyoundwa upya ikawa na foki ndefu iliyolala mbele, ambayo shingo yake tayari imelazwa sana, hiki ni miongoni mwa vifaa vyenye manufaa makubwa kuliko vyote unavyoweza kuvifunga upande wa mbele. Kwa fremu iliyotoka kiwandani bila kukatwa shingo, ni kifaa ambacho nisingekifunga hata nikipewa bure. Kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi hakiigusi tofauti hiyo hata kwa sentensi moja.

Usukani wa pikipiki yoyote hutawaliwa na vipimo viwili vinavyotegemeana. Cha kwanza ni reki, yaani kiasi ambacho mhimili wa usukani umelala ukilinganishwa na mstari wima. Cha pili ni treili, ambayo hupimwa ardhini: urefushe mhimili wa usukani kwa mstari hadi uguse ardhi, kisha shusha timazi kutoka katikati ya ekseli ya mbele, na umbali kati ya nukta hizo mbili ndio treili. Nukta ya mhimili ikiwa mbele ya nukta ambapo tairi hugusa barabara, treili ni chanya, na barabara yenyewe hulirudisha gurudumu kwenye mstari kila linapotaka kupinda. Nukta hiyo ikiangukia nyuma ya tairi, treili ni hasi, na kila mtikisiko mdogo hukuzwa badala ya kusahihishwa. Kati ya vipimo hivyo viwili, treili ndiyo inayoamua kama pikipiki itakwenda imetulia au la, ingawa reki ndiyo inayopigwa picha.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba jicho huona mlalo wa mirija, ilhali usukani hufuata mlalo wa shingo. Kwenye vishikio vya kawaida mlalo huo ni mmoja, na hakuna haja ya kuutenganisha. Kwenye vishikio vilivyoinamishwa ni miwili, na anayepima mirija kwa kipimapembe kisha akadhani amepata reki atakosea hesabu yake yote tangu mwanzo. Jambo hili si uvumbuzi wa mafundi wa chopa peke yao. Pikipiki ya Harley-Davidson V-Rod ya kwanza ilitoka kiwandani ikiwa na shingo ya nyuzi 34 na foki ya nyuzi 38, na zipo pikipiki za safari ndefu za kampuni hiyohiyo zenye shingo ya nyuzi 26 na foki ya nyuzi 29.25. Kwa hiyo kutenganisha pembe mbili si dhambi. Dhambi ni kuzitenganisha bila kuhesabu kilichobaki ardhini.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Chukua nusu kipenyo cha gurudumu la mbele, kuanzia katikati ya ekseli hadi ardhini wakati tairi limebeba mzigo, uizidishe kwa saini (sin) ya pembe ya shingo. Toa ofseti, yaani umbali ambao ekseli imesogea mbele ya mstari wa mhimili wa usukani, ukipimwa kwa pembe mraba na mhimili huo. Kisha gawanya jibu kwa kosaini (cos) ya pembe ileile ya shingo. Pikipiki niliyoifungia seti hii ina tairi la mbele la 90/90-21, ambalo likiwa chini ya mzigo huwa na nusu kipenyo cha milimita 345 hivi, na vishikio vyake vya awali vilikuwa na ofseti ya milimita 60. Kama shingo ingekuwa kwenye nyuzi 30, kiwango cha kawaida kwa pikipiki nyingi za mtindo wa kutulia barabarani, treili ingekuwa milimita 130. Shingo hiyo, hata hivyo, imekatwa na kuchomelewa upya kwenye nyuzi 40, na kwa vishikio vilevile vya zamani treili ilipanda hadi milimita 211.

Milimita 211 ni nyingi mno. Ili msomaji apate mizani, pikipiki nyingi za michezo huwa na reki ya nyuzi 23 hadi 25 na treili ya milimita 90 hadi 105, na kwa chopa mafundi wengi hulenga kati ya milimita 100 na 150. Wapo wanaoamini kwamba treili ikizidi hakuna ubaya, kwamba pikipiki itashika tu njia yake kwa ukaidi zaidi. Ni kweli kwamba ikiwa katika kasi kwenye barabara iliyonyooka hutaona tatizo lolote. Tatizo hujitokeza unapopunguza mwendo. Kila unapogeuza usukani, sehemu ya mbele ya fremu hushuka kidogo, na kadiri reki na treili zinavyoongezeka ndivyo kushuka huko kunavyokuwa kukubwa, mpaka usukani unaanza kuanguka wenyewe upande uliougeuzia na mikono yako ndiyo inayouinua. Ukizidisha treili kwa saini na kosaini ya pembe ya shingo unapata namba ya kulinganishia tabia hiyo. Kwa shingo ya nyuzi 30 na treili ya milimita 130, namba hiyo ni 56. Kwa shingo ya nyuzi 40 na treili ya milimita 211, ni 104. Hii ndiyo sababu chopa nyingi zenye mlalo mkali huonekana kama zinapigana na dereva wake katika maegesho, na baadhi ya madereva hujisifia mapambano hayo kana kwamba ni sehemu ya heshima ya chombo. Mimi sioni heshima katika usukani unaokuchosha kabla hujafika barabara kuu.

Hapo ndipo seti hii inapoonyesha thamani yake. Nyuzi 5 zilizoongezwa kwenye vishikio huisogeza ekseli mbele ya mhimili wa usukani, na kiasi cha kusogea hutegemea urefu wa foki. Kutoka katikati ya vishikio hadi kwenye ekseli, foki yangu ya awali ilikuwa na urefu wa milimita 800. Milimita 800 zikizidishwa kwa saini ya nyuzi 5 hutoa karibu milimita 70, na zikijumlishwa na ofseti iliyokuwapo tunapata ofseti mpya ya milimita 129 na ushei. Treili inashuka kutoka 211 hadi takriban milimita 120, huku shingo ikibaki palepale kwenye nyuzi 40. Kwa macho, foki sasa imelala nyuzi 45, ndefu na ya kutamanisha kuliko ilivyokuwa. Kwa usukani, pikipiki imerudi kwenye jamii ya vyombo vinavyoendesheka. Nadra sana katika ufundi wa chopa kupata umbo na tabia kwa pamoja, kwa kuwa kwa kawaida unachokipata kwa jicho hukilipia kwa mikono.

Hata hivyo kuna jambo ambalo kijikaratasi hakilitaji na ambalo mnunuzi analazimika kulijua kabla ya kuagiza mirija. Foki ikilala zaidi, urefu wake wa wima hupungua. Kwa vipimo nilivyovitaja, kuhama kutoka nyuzi 40 hadi 45 bila kubadilisha mirija hushusha shingo kwa takriban milimita 51. Hiyo inatosha kuinamisha fremu nzima kuelekea mbele kwa nyuzi moja na nusu hivi kwenye chopa yenye umbali mrefu kati ya magurudumu, na kuinama huko hupunguza reki halisi ya shingo, hupunguza treili tena, na hulisogeza tumbo la injini karibu zaidi na ardhi. Dawa yake ni mirija mirefu zaidi. Nilifunga mirija iliyoongezwa inchi 3, yaani milimita 76, na fremu ikarudi kwenye kimo chake cha awali kwa tofauti ya milimita chache tu. Lakini mirija mirefu nayo huisukuma ekseli mbele zaidi kwa sababu ya zile nyuzi 5, kwa hiyo treili ya mwisho haikuwa 120 bali karibu milimita 112. Ile namba ya kuanguka kwa usukani ikashuka kutoka 104 hadi 55, yaani karibu sawa kabisa na pikipiki yenye shingo ya nyuzi 30. Mtu anayehesabu hatua moja tu na kusahau nyingine atapata jibu tofauti, na kwenye seti ya nyuzi 7 tofauti hiyo huwa ya kutisha.

Mirija ni lazima ihesabiwe pamoja na vishikio, hilo nalisisitiza, kwa sababu katika mazungumzo ya mafundi hivi viwili huzungumzwa kama vitu vya siku tofauti: leo tunafunga vishikio, mwezi ujao tukipata nafasi tunabadilisha mirija. Katika kipindi hicho cha katikati unaendesha pikipiki ambayo hakuna aliyeipigia hesabu.

Sasa niseme kuhusu utengenezaji wenyewe. Sahani zimechongwa kutoka kwenye bonge moja la aluminiamu, kingo zimelainishwa, na alama za kichongeo zinaonekana upande wa chini tu ambako hakuna atakayetazama. Mhimili wa chuma umesukumwa kwa nguvu kwenye sahani ya chini na kuzuiwa na bolti, na beringi zake ni zile za roli zenye umbo la pia, ambazo ndizo ninazozipendelea kwa foki ndefu. Jaribio la kwanza ninalolifanya kwa kila seti ya vishikio vilivyoinamishwa ni rahisi: napitisha mirija mitupu, isiyo na springi wala mafuta, kutoka sahani ya chini hadi ya juu huku bolti zote za kubana zikiwa zimelegea. Mrija unatakiwa kuteleza kwa uzito wa mkono. Ukikwama unapofika sahani ya juu, ujue matundu ya sahani mbili hayako kwenye mstari mmoja, na hakuna nguvu ya spana itakayolirekebisha hilo bila kuupinda mrija. Kwenye seti hii mrija wa kushoto uliteleza bila kusita, na wa kulia ulihitaji kuzungushwa kidogo kabla ya kuingia, kasoro ambayo ilikwisha nilipoondoa ukwaruzo mwembamba wa rangi uliobaki ndani ya tundu.

Jaribio la pili ni la kioo bapa. Mirija ikiwa imebanwa mahali pake, unalaza kipande cha kioo kinene juu ya mirija yote miwili, chini kidogo ya sahani ya chini, kisha unakibonyeza kwa kidole kwenye kona moja baada ya nyingine. Mirija ikiwa sambamba, kioo hutulia kimya. Ikiwa imepishana hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, kioo hucheza na kutoa mlio mdogo wa kugonga kwenye kona mbili zinazokabiliana. Ni mlio ambao ukishausikia mara moja utaufahamu milele, na umewahi kunifanya nirudishe vishikio vya bei kubwa kuliko hivi. Seti hii ilitulia. Kwa kipengele cha usahihi, basi, sina lawama.

Kupima matokeo ardhini ni kazi ambayo kila anayefunga kifaa hiki anapaswa kuifanya, hata kama ameamini hesabu za karatasi. Pikipiki isimamishwe wima juu ya sakafu iliyothibitishwa kwa pimamaji, dereva akiwa amekaa juu yake ili springi na matairi vibebe mzigo wa kweli, na mtu mwingine aishike. Ubao ulionyooka ubanwe ubavuni mwa shingo, sambamba na mhimili wa usukani, ufike hadi sakafuni, na alama iwekwe pale unapogusa. Kisha timazi ishushwe kutoka katikati ya ekseli na alama ya pili iwekwe. Tepu itakuambia ukweli wote. Inafaa kuipima pembe ya shingo upya wakati huohuo, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye hati ya fremu hupimwa fremu ikiwa imekaa sawasawa juu ya meza ya karakana, na fremu yako inaweza kuwa imeinuliwa mbele au nyuma na mirija, matairi au springi ulizochagua. Foki iliyorefushwa inchi 4 kwenye shingo ya nyuzi 40, kwa mfano, huinua upande wa mbele kwa karibu milimita 78 na kuongeza reki kwa nyuzi mbili hadi mbili na nusu bila mtu yeyote kuigusa shingo. Kwenye pikipiki yangu alama mbili za sakafuni zilikubaliana na hesabu kwa tofauti ya milimita chache, kiasi ambacho naweza kukilaumu unene wa penseli.

Barabarani mabadiliko yalidhihirika kabla sijaweka gia ya pili. Usukani ambao zamani ulitaka kulala upande kila ninapogeuka kwa mwendo wa kutembea sasa unakaa pale ninapouweka, na kugeuza pikipiki kwenye njia nyembamba kumekuwa suala la nafasi tu, si la misuli ya mabega. Kwa mwendo wa kati, kuingia kwenye kona kunahitaji msukumo mdogo kwenye mpini wa ndani, na pikipiki haigomi tena katikati ya kona kama ilivyozoea. Kwenye barabara kuu imebaki imetulia. Nilitarajia kwamba kupoteza karibu nusu ya treili kungeleta wepesi wa kutia wasiwasi upepo unapopiga ubavuni, lakini hali haikuwa hivyo, kwani milimita 112 bado ni treili kamili ya pikipiki nzito.

Hili linanikumbusha majaribio ya Tony Foale, mbunifu wa fremu anayejulikana sana katika fani hii, ambaye alibadilisha pikipiki ya BMW akapunguza reki hadi nyuzi 15, na baadaye hadi sifuri, huku akitunza treili ya kawaida, na pikipiki ikaendelea kuendesheka vizuri. Majaribio hayo yanakwenda upande ulio kinyume kabisa na chopa, lakini yanathibitisha jambo lilelile: mlalo mkubwa peke yake hauleti utulivu, na anayekuambia kwamba foki ndefu ni salama kwa sababu ni ndefu anauza sura.

Kuna mambo ambayo seti hii haiwezi kuyatibu, na mengine inayazidisha. Umbali kati ya magurudumu umeongezeka kwa karibu sentimita 10, hivyo duara la kugeukia limekuwa pana zaidi hata kama usukani ni mwepesi. Gurudumu la mbele limebaki na sehemu ndogo zaidi ya uzito, na breki ya mbele inahisiwa kuwa na mshiko mdogo. La tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, linahusu utendaji wa foki yenyewe. Mrija uliolala nyuzi 30 hupokea asilimia 87 ya nguvu ya wima kwa kuifuata njia yake ya kuteleza, lakini mrija uliolala nyuzi 45 hupokea asilimia 71 tu, na nguvu iliyobaki huukunja mrija badala ya kuusukuma ndani. Matokeo yake ni kwamba bushi (pete ambamo mrija huteleza) hubanwa upande mmoja, foki husita kabla ya kusogea, na mashimo madogo ambayo zamani yalimezwa sasa yanafika mikononi. Mafuta mepesi zaidi na springi laini kidogo vilisaidia, ila havikuliondoa tatizo. Kwa mlalo wa nyuzi 45 na mirija mirefu, milimita 41 ndicho kipenyo kidogo kabisa ningekikubali, na ningekuwa naanza upya ningetafuta vishikio vya mirija ya milimita 49.

Sasa nirudi kwenye onyo nililolitoa mwanzoni, kwa sababu boksi lina maandishi makubwa yanayodai kwamba seti inafaa pikipiki zote zenye mirija ya milimita 41, na dai hilo ni kweli kwa spana lakini si kweli kwa maisha. Chukua fremu ya kiwandani yenye shingo ya nyuzi 30, gurudumu lilelile na foki ya urefu uleule wa milimita 800. Kwa vishikio vya kawaida treili yake ni 130. Funga nyuzi 5 na itashuka hadi 50, na ukihesabu kwamba sehemu ya mbele imeshuka na shingo imesimama zaidi, unabaki na 40 hivi. Funga nyuzi 7 na itabaki 18 kabla hata ya kuhesabu kushuka huko. Nyuzi 9, ambazo pia huuzwa, zinaipeleka treili chini ya sifuri. Pikipiki ya namna hiyo inaweza kuonekana tamu ikizungushwa polepole mbele ya karakana, kwa kuwa usukani wake utakuwa mwepesi ajabu, na wepesi huohuo ndio unaoweza kumdanganya mnunuzi kwamba kazi imekwenda vizuri. Kasi ikipanda, na hasa dereva anapofunga breki na foki ikazama, hakuna tena kinacholirudisha gurudumu kwenye mstari, na usukani unaoanza kutikisika kulia na kushoto hauna sababu ya kuacha. Mtengenezaji anayejua kuchonga aluminiamu kwa usahihi huu anajua pia hesabu hii. Kutoichapisha ndani ya boksi ni uzembe, na ndiyo maana siwezi kuipa seti alama kamili licha ya ubora wake.

Anayetaka mwonekano wa foki ndefu bila kuikata fremu ana njia nyingine, ingawa hakuna iliyo rahisi. Foki ya springa, ile ya springi za nje ambayo Harley-Davidson iliitumia kwenye pikipiki zake kubwa hadi foki ya mirija ilipokuja na Hydra-Glide mwaka 1949, hurekebishwa treili kwa urefu na umbo la vile vikono vya chini vinavyobeba ekseli, na mtengenezaji mzuri atakuuliza pembe ya shingo kabla ya kukuuzia. Foki ya mtindo wa gada, yenye fremu ngumu na viungo viwili juu, huweza kurekebishwa kwa kubadilisha urefu wa kiungo kimoja, na kwa mtu anayependa kujaribu vipimo ni kifaa cha raha kuliko vyote. Zote mbili zina tabia zake za kubadilisha treili kadiri zinavyofanya kazi, na zinastahili tathmini zao wenyewe.

Kwa upande wa ufungaji, seti ilinikera katika mambo madogo kadhaa. Vizuizi vya usukani vilivyomo vimechongwa kwa kukadiria fremu ya kawaida, na kwenye shingo iliyolazwa viliruhusu mrija wa kushoto kugusa tangi kabla usukani haujafika mwisho. Nilivijaza kwa kuchomelea na kuvisaga hadi pengo la upana wa kidole likabaki. Waya wa klachi na bomba la breki vililazimika kubadilishwa kwa vilivyo virefu zaidi, jambo linalotarajiwa, lakini ni vema kuviagiza pamoja na vishikio kuliko kugundua upungufu pikipiki ikiwa juu ya jeki. Rangi nyeusi ya sahani ni nzuri na haijaonyesha kuchubuka, isipokuwa chini ya nati ya juu ambako washa iliyotolewa ni ndogo mno na ilikwaruza. Nilitumia washa pana na shida ikaisha.

Alama yangu ni nne kati ya tano kwa mwenye shingo iliyolazwa nyuzi 38 au zaidi na aliyejiandaa kununua mirija kulingana na hesabu. Kwa shingo iliyo kati ya nyuzi 34 na 38 ningeitazama seti ya nyuzi 3 kwanza, na kwa shingo iliyosimama zaidi ya hapo sina alama ya kutoa. Atakayeifunga akaze bolti za kubana mirija tena baada ya safari za mwanzo, kwa sababu aluminiamu mpya hujikalisha chini ya mbano, na akague beringi za shingo siku hiyohiyo: gurudumu likiwa limeinuliwa, usukani ukisukumwa taratibu kutoka katikati unatakiwa kuendelea wenyewe hadi mwisho bila kukwama na bila mchezo wa mbele na nyuma. Zangu zilihitaji robo ya mzunguko wa nati.